Toka Mkono Mpaka Meta: Namna Vipimo vya Urefu Vilivyoingia Kwetu

Huku kwetu mashariki ya Kongo, namna mbili za kupima urefu zinaishi ndani ya nyumba moja. Mtoto anatoka masomo na rula ya santimeta 30 katika mfuko wake. Mama anatoka soko na kikwembe alichonunua kwa yadi, na kamba aliyonunua kwa pima. Baba anasema parseli yake ni "makumi mbili kwa makumi tatu", lakini siku ya kuinunua alihesabu kwa miguu. Wote watatu wanasema ukweli, ila hawasemi kitu kimoja. Na pale watu wasiposema kitu kimoja, mwenye nguvu ndiye anayekula.

Ndiyo maana tumeona vizuri, katika kijitabu hiki cha mila na desturi, kueleza historia ya vipimo vya urefu. Wengi wanafikiri kwamba meta ni jambo la Wazungu na mkono ni jambo la washenzi, basi mambo yameisha. Tutaonyesha kwamba haiko vile.

1. Mwili ndio rula ya kwanza

Wahenga walisema: mtu hujikuna ajipatapo. Vilevile, mtu hupima kwa kile alicho nacho, na kile alicho nacho kila siku ni mwili wake. Kila kabila la kwetu lilikuwa na majina yake. Katika Kiswahili, majina yaliyoenea ni haya: shibiri, mkono, pima na hatua.

Shibiri ni toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimenyooshwa. Mkono, ambao watu wa pwani wanauita pia dhiraa, ni toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono yote miwili ikinyooshwa, toka ncha hii mpaka ncha ile. Hatua ni mwendo wa mguu mmoja mbele ya mwingine.

Tuangalie vizuri jambo hili, maana ndilo linasahauliwa. Vipimo hivi havikuwa vitu vilivyotupwa ovyo, kila kimoja peke yake. Vilikuwa na ukoo. Shibiri mbili zinafanya mkono mmoja, na mikono minne inafanya pima moja. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, shibiri ni karibu santimeta 23, mkono ni karibu santimeta 46, na pima ni karibu meta 1 na santimeta 83. Mzee aliyeambiwa kwamba nyumba itakuwa na urefu wa pima tatu alijua palepale kwamba ni mikono 12 ao shibiri 24. Kugeuza kipimo kikubwa kuwa kidogo, na kidogo kuwa kikubwa, wazazi wetu walikuwa wanajua mbele ya masomo kufunguliwa.

Tena namna hii ilikuwa na akili yake. Mtu aliyejenga nyumba kwa mkono wake alipima mlango kwa mkono uleule, akapima na kitanda kwa mkono uleule. Vyote vilikubaliana. Matata yalianza siku ile watu wawili wasiojuana walipokutana ili kuuziana kitu. Hapo ndipo swali lilitokea: mkono wa nani?

2. Mkono wa biashara

Swali hilo lilikuja na nguvu katika karne ya 19, wakati misafara ya wafanyabiashara toka Unguja na Bagamoyo ilipopita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaingia Maniema. Nyangwe na Kasongo zikawa miji mikubwa ya biashara. Kiswahili chetu kilifika kwa njia hiyo, na vipimo vya nguo vilifika pamoja nacho.

Nguo iliyojulikana sana ilikuwa merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichopata jina lake juu kilitoka Marekani. Kitambaa kilikuwa kama franka za leo: ndicho kilicholipa wapagazi, chakula na ushuru wa njia. Hesabu yake ilikuwa hivi: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti moja. Doti basi ni mikono minane, na wafanyabiashara Wazungu waliihesabu kuwa yadi 4. Tukiigeuza leo, yadi moja ni meta 0,9144, kwa hiyo doti ni karibu meta 3 na santimeta 66. Kitambaa kizima kilichofungwa kiliitwa jora.

Hatuwezi kuandika mambo haya kama kwamba yalikuwa biashara safi. Kwa mikono na doti za nguo walinunua pembe za ndovu, na walinunua pia watu. Nyangwe ndipo Livingstone alipoona, katika Julai 1871, watu wa soko, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi ovyo na watu wa wafanyabiashara. Kipimo kilikuwa katikati ya mambo hayo yote. Mwenye kununua alifurahi mkono ukiwa mrefu, mwenye kuuza alifurahi ukiwa mfupi, na aliyekuwa na bunduki ndiye aliyechagua mkono.

Upande wa magharibi, kwenye mto Kongo, pesa ilikuwa mitako, ni kusema vipande vya waya wa shaba nyeupe. Huko nako urefu ulikuwa ndio thamani. Na miaka ilivyokuwa ikipita, mitako ilizidi kuwa mifupi, kwa sababu ilikuwa inakatwa ncha kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba: upande mmoja walijaza kibaba, upande mwingine walikipunguza. Kipimo kisichokuwa na mlinzi kinaliwa sawa vile muhogo unaliwa na panya.

3. Meta ilizaliwa kwa ajili ya nani?

Hapa tuvuke bahari kidogo, juu wengi hawajui kwamba Wazungu pia walikuwa wanapima kwa kiwiko na kwa mguu.

Mbele ya mwaka wa 1789, nchi ya Ufaransa ilikuwa na vipimo vingi sana. Mguu wa Paris haukuwa sawa na mguu wa mji mwingine, na kiwiko cha kupimia nguo kilibadilika toka soko moja mpaka lingine. Mabwana wa ardhi walikuwa na vipimo vyao wenyewe, na walivitumia ili kuchukua zaidi kwa walimaji. Wakati mfalme alipoomba watu waandike malalamiko yao katika 1789, vijiji vingi viliandika ombi moja: kuwe na kipimo kimoja kwa watu wote.

Katika 1791 wataalamu wakapendekeza kipimo kisichotoka kwa mwili wa mfalme wala wa bwana yeyote, ila kwa dunia yenyewe ambayo ni ya wote. Meta iwe sehemu moja katika milioni 10 ya njia toka ncha ya kaskazini ya dunia mpaka ikweta. Watu wawili, Delambre na Méchain, walitumia miaka toka 1792 mpaka 1798 wakipima njia toka Dunkerque mpaka Barcelona, katikati ya vita na mapinduzi. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 ilitoa majina tunayoyajua, na katika 1799 fimbo ya platini ikawekwa katika nyaraka za Leta. Baadaye ilionekana kwamba fimbo ile ilipungua karibu milimeta 0,2, lakini iliachwa vile, juu jambo la maana ni watu kukubaliana.

Je, Wafaransa walipokea meta kwa furaha? Hapana. Watu wa soko waliendelea na vipimo vya zamani. Katika 1812 Napoleon alilazimika kuwarudishia majina ya zamani: pima yao ikaruhusiwa, lakini ikawekwa kuwa meta 2 kamili. Ni toka tarehe 1 Januari 1840 tu ndipo meta ililazimishwa kabisa, miaka 45 nyuma ya sheria ya kwanza.

Na Wabeleji? Toka 1815 mpaka 1830 nchi yao ilikuwa chini ya mfalme wa Uholanzi, Willem wa Kwanza. Yeye alifanya kwa akili: kwa sheria ya 1816 aliingiza meta, lakini akaacha ibaki na jina la zamani la kiwiko, "el". Desimeta ikaitwa "kiganja", santimeta ikaitwa "kidole gumba". Watu wakasema maneno ya babu zao, kumbe wanapima kwa kipimo kipya. Tushike neno hilo vizuri. Wale waliokuja kutuambia kwamba kupima kwa mkono ni ujinga, babu zao walifundishwa meta kwa jina la mkono.

4. Kwetu meta ilifika kama amri

Leta Huru ya Kongo ilianzishwa katika 1885, na katika 1908 ikawa koloni ya Ubeleji. Ubeleji ilikuwa kati ya nchi 17 zilizotia sahihi Mapatano ya Meta katika Paris, tarehe 20 Mei 1875. Kwa hiyo Bulamatari alipofika, alifika na meta mkononi.

Lakini angalieni tofauti. Kule Ufaransa walimaji wenyewe ndio walioomba kipimo kimoja, ili bwana asiwaibie. Kwetu hakuna aliyeuliza mlimaji. Babu zetu wengi hawakukutana na meta kwenye ubao wa mwalimu. Walikutana nayo njiani, pale kijiji kilipoonyeshwa kilometa zake za kufagia na kutengeneza. Walikutana nayo shambani, pale kilimo cha lazima kilipoanza katika 1917, na mtu wa kilimo akaja na kamba kupima kama pamba ao mpunga umefikia kipimo. Aliyepungukiwa alijua adhabu. Baadaye, katika mipango ya "paysannat", msitu ulikatwa vipande virefu vyenye upana wa meta 100, hiki cha kulima, hiki cha kupumzisha, na kila jamaa ikaonyeshwa mahali pake.

Hatusemi kwamba meta ni mbaya. Tunasema kwamba kitu kilichozaliwa ili kulinda mdogo kililetwa kwetu na mkubwa, na mkubwa peke yake ndiye aliyejua kukisoma. Ndiyo sababu mpaka leo wazee wengine wakiona mtu na mita ya kukunja karibu na shamba lao, roho inaruka.

5. Milimeta 67

Kuna mtu atasema: tofauti ndogo ya kipimo inaweza kuleta shida gani? Reli zetu zinatoa jibu.

Reli ya Katanga ilitoka kusini, kwa Waingereza, ikafika Lubumbashi katika 1910. Upana kati ya vyuma vyake viwili ulipimwa kwa futi: futi 3 na inchi 6. Futi moja ni santimeta 30,48, kwa hiyo upana huo ni karibu milimeta 1.067. Lakini kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa, ile CFL iliyojenga Kisangani mpaka Ubundu (kilometa 125, katika 1906), Kindu mpaka Kongolo (katika 1911) na Kabalo mpaka Kalemie (katika 1915), ilichagua meta 1 kamili, ni kusema milimeta 1.000. Kati ya reli hizo mbili kuna tofauti ya milimeta 67, upana wa vidole vinne hivi. Gari la moshi la moja halikuweza kutembea juu ya nyingine.

Wakati walipotaka kuunganisha Katanga na Maniema, ilikuwa lazima kung'oa na kupanua. Katika 1955 reli za CFL za Kindu na Kalemie zilipelekwa kwenye milimeta 1.067. Ile ya Kisangani na Ubundu, iliyotengwa na zingine kwa mto, ilibaki na meta yake moja. Vidole vinne vya upana vililipiwa kwa kazi ya mamia ya kilometa. Basi asitokee mtu wa kusema kwamba milimeta ni kitu kidogo.

6. Ngazi ya vipimo

Sasa tuje kwenye masomo. Kila aliyepita la tatu anakumbuka wimbo ule: kilometa, hektometa, dekameta, meta, desimeta, santimeta, milimeta. Ni ngazi yenye vidaraja saba. Vitatu vya juu vilipewa majina ya Kigiriki, vitatu vya chini majina ya Kilatini, na meta inakaa katikati sawa na mama mwenye nyumba.

Sheria yake iko moja tu. Ukishuka kidaraja kimoja, unazidisha kwa 10. Ukipanda kidaraja kimoja, unagawa kwa 10. Toka meta mpaka santimeta ni kushuka vidaraja viwili: meta 3 ni santimeta 300. Toka meta mpaka kilometa ni kupanda vitatu: meta 2.500 ni kilometa 2,5. Hapa ndipo meta inashinda mkono na futi. Mkono unaenda kwa 2 na kwa 4, futi inaenda kwa 12, yadi inaenda kwa 3, lakini meta inaenda kwa 10 siku zote, na vidole vyetu ni 10.

Tuchukue mambo mawili ya kila siku.

La kwanza ni kikwembe. Kikwembe cha waksi kinauzwa kwa yadi 6. Yadi 6 ni meta 5,49. Muuzaji akimwambia mama "hii ni meta sita", mama anapoteza santimeta 51. Santimeta 51 ni nini? Ni mkono mmoja na zaidi! Ndiyo maana mama mwenye akili anasemaka: "Niongezee mukono moja, papa." Watu wanamcheka wakisema anapima kizamani, lakini yeye ndiye anayedai haki yake kamili.

La pili ni parseli, na hapa ndipo machozi ya watu yanatoka. Mtu anauziwa kiwanja cha meta 20 kwa 30. Hawana mita, wanapima kwa hatua, hatua 20 upande huu na hatua 30 upande ule. Lakini hatua ya kawaida ni karibu santimeta 75. Hatua 20 ni meta 15, na hatua 30 ni meta 22,5. Alilipia meta za mraba 600, akapewa 337,5. Kila upande alipunguziwa robo, lakini eneo lote limepungua karibu nusu. Mwenyewe anaweza kukaa miaka mingi bila kujua, mpaka siku ile mpimaji wa Leta atakapofika, na hapo ugomvi na jirani unaanza.

Toka sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Leta, na mtu anapata haki yake kwa hati ya kuandikishwa. Hati hiyo haisemi hatua wala pima. Inasema hekta, ari na santiari. Santiari 1 ni meta ya mraba 1, ari 1 ni meta za mraba 100, hekta 1 ni ari 100. Katika ngazi hii tunazidisha kwa 100, hapana kwa 10, maana urefu na upana vyote viwili vinashuka pamoja. Parseli ya meta za mraba 600 ni ari 6. Mjane anayeonyeshwa karatasi ya "ari 6" hawezi kujua kama ndiyo parseli ya marehemu mume wake, kama hakuna mtu wa kumgeuzia hesabu. Na yule anayejitolea kumgeuzia, mara nyingi ndiye anayetaka kuinunua.

7. Tufanye nini?

Tusitupe mkono. Ni urithi, na hakuna mtu anayeusahau nyumbani akienda soko. Tena tusikatae meta. Siku hizi hata ile fimbo ya platini haiko tena kiongozi: toka 1983 meta inapimwa kwa mwendo wa mwanga, njia ambayo mwanga unapita katika sehemu moja ya 299.792.458 ya sekunde. Mwanga hauna kabila, hauna mkubwa, na hakuna anayeweza kuukata ncha.

Tunachopendekeza ni kuvipatanisha. Kila mtu achukue rula ya mtoto wake jioni moja, apime shibiri yake, mkono wake, pima yake na hatua yake, aandike santimeta zake kwenye karatasi na kuziweka moyoni. Mwenye kujua kwamba shibiri yake ni santimeta 21 ao 24, huyo anatembea na meta ndani ya mwili wake. Hatadanganywa kwenye kikwembe, wala kwenye ubao, wala kwenye parseli.

Walimu nao, wakifundisha ile ngazi ya vidaraja saba, wasiishie kwenye ubao. Wawatoe watoto nje, wapime uwanja wa masomo kwa hatua, halafu kwa mita, walinganishe. Wawatume wakaulize nyanya zao namna walivyokuwa wanapima mikeka na nyavu, walete majina hayo ya kikabila, yaandikwe pembeni ya santimeta. Majina yale yakizikwa na wazee, hakuna ofisi itakayotupatia mengine.

Walimaji wa Ufaransa waliomba kipimo kimoja ili mkubwa asiwaibie. Ombi lile ni letu pia. Lakini kipimo kimoja hakimlindi asiyejua kukisoma. Siku ile mama wa soko, mlimaji na mjane watakapojua kugeuza mkono kuwa santimeta na meta za mraba kuwa ari, siku ile ndipo meta itakuwa imefika kwetu kweli.